Kalibu ya Mwalimu Andongwisye

Mchungaji wetu, viongozi wa ushirika wa maziwa, walimu, wanafunzi, ndugu zetu mliopanda kutoka Tukuyu mjini na ninyi mliotoka Mpuguso na Kyimo, ndaga fijo kwa kuja kutufuta machozi. Ukoo umenipa mimi Hellen, mtoto wa shangazi yake marehemu na mtani wake tangu utotoni, kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu Mwalimu Andongwisye Jacob Mwaipaja, na kwa kuwa mtani hawezi kusoma habari za mtani wake bila kumchokoza, mkinisikia nacheka msidhani sina uchungu, na mkiona nimenyamaza katikati ya mstari, nisubirini kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 hapa hapa Ikuti, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee wetu Jacob Mwaipaja, ambaye ametangulia, na mama yetu Tupokigwe, ambaye mnamwona amekaa pale karibu na jeneza na amekataa kiti. Alizaliwa nyuma ya kaka yetu Amoni na mbele ya dada yetu Prisca, na hao wawili nawataja mapema kwa sababu nitawarudia. Tangu mdogo alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mengi, na mzee Jacob, aliyekuwa mkulima wa chai na mtu wa maneno machache, alizoea kumjibu kwa kumtuma kuni.

Nyumba hii iliyo nyuma yangu ilijengwa mwaka 1988, na ni sehemu ya historia yake. Mzee Jacob alichonga mwenyewe kalibu ya kufyatulia matofali, yaani kile kisanduku cha mbao kisicho na kitako wala kifuniko, na kwa kuwa hakuwa seremala, kona moja ilimshinda, kila tofali lililotoka humo likawa na kona moja iliyopinda. Badala ya kuitengeneza kalibu, kazi ya muda mfupi tu, mzee aliona afadhali kuwapa Amoni na Andongwisye mapanga wachonge kona ya kila tofali, moja baada ya jingine, likizo nzima, na bado yako mengi yaliyowaponyoka, mkiondoka hapa mpite upande wa jikoni mtayaona. Andongwisye aliisimulia habari hiyo kwa kila mwanafunzi aliyewahi kumfundisha, na kila mara aliimalizia kwa kicheko.

Elimu ya msingi aliipata hapa Ikuti kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, ya sekondari Tukuyu kuanzia 1994 hadi 1997, kidato cha tano na cha sita Mbeya kuanzia 1998 hadi 2000, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka 2003. Mwaka 2008 alikwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya kompyuta, akarudi mwaka 2011 na digrii, na suti moja, na lugha mpya iliyomtoka mdomoni zaidi kuliko Kinyakyusa, lugha ambayo watu huiandika ili kompyuta itende, na jina lake ni Python. Mama yetu Tupokigwe alipoelezwa kwamba jina hilo ni la chatu alisema kwamba fedha ya chai imekwenda kusomesha mtu nyoka, na marehemu aliipenda sana kauli hiyo hata akaibandika juu ya meza yake ya shuleni.

Kazi ya ualimu aliianza mwezi Julai 2003 katika shule moja ya sekondari hapa wilayani, akifundisha hisabati, na aliporudi kutoka chuoni akaongezewa somo la kompyuta, na kuanzia mwaka 2015 akafungua darasa la Jumamosi pale Tukuyu mjini, kwenye chumba alichoazimwa nyuma ya duka la vifaa vya shule, kwa kijana yeyote aliyetaka, Mkristo kwa Mwislamu, aliyefika kidato cha sita na aliyeishia la saba. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, kompyuta naijua kwa kuiona, lakini nilikaa kwenye chumba kile mara nyingi nikimsubiri anipe lifti ya pikipiki, na nawahakikishieni alifundisha vizuri mpaka nikaelewa na mimi.

Katika Python kuna kitu ambacho vijana walikiita klasi, yeye alikiita kalibu. Alisema kalibu si tofali, ni umbo la matofali yote yatakayokuja, humo unaandika kila kaya ina nini na inaweza kufanya nini, ukimaliza unafyatua, kaya ya huyu, kaya ya yule, kila moja na jina lake na ng'ombe wake, lakini umbo ni lile lile. Na ukihitaji kalibu nyingine inayokaribiana na ile ya kwanza huna haja ya kuanza upya, unaichonga ya mtoto juu ya ile ya mzazi, ukaandika yale tu yanayomtofautisha mtoto, na kwa mengine yote, kisichosemwa kwa mtoto hufuatwa cha mzazi. Maneno hayo sita aliwakaririsha vijana kama amri za Mungu, na hapo ndipo alipokuja na habari ya baba yake na matofali yaliyopinda, kuwaonya kwamba kasoro ikiwa kwenye kalibu, usihangaike na tofali.

Mwaka 2018 ushirika wetu wa maziwa ulimwomba atengeneze programu ya kuunganisha wafugaji na kituo, ili karani akipokea maziwa, au bwana mifugo akiwa na onyo la ugonjwa, taarifa imfikie mfugaji kwenye simu yake bila mtu kutumwa milimani. Akaifanya pamoja na wanafunzi wake wa Jumamosi, bure, na ilikuwa kazi nzuri, nayo imetusaidia wengi tuliopo hapa. Kalibu ya mzazi aliiita Kaya, akaandika ndani yake kwamba kila kaya ina mkuu, na panapotokea jambo aambiwe mume, na mume asipokuwepo aambiwe ndugu wa kiume wa mume. Juu ya hiyo akachonga za watoto, kaya ya mpangaji, kaya ya kijana asiyeoa, na kaya ya mjane, na alipofika kwenye ya mjane aliandika neno moja tu, pass, ambalo katika lugha ile huwekwa mahali ambapo fundi hana la kuongeza, ni kama kuiambia kompyuta kwamba hapa hapana kitu, endelea.

Ndugu zangu, najua msibani husemwa mema na mengine huachwa, lakini haya ninayoyasoma sasa mke wa marehemu na kaka Amoni wamekaa nami wakayaruhusu, na marehemu mwenyewe aliagiza yasifunikwe. Katika darasa lile alikuwamo binti mmoja wa mjini, Nasma, ambaye baba yake Hafidhi alikuwa fundi cherehani pale sokoni na mama yake Mwanajuma anaendelea na cherehani hiyo mpaka leo, na kwa kauli ya Andongwisye mwenyewe hakuwahi kufundisha kichwa kama kile. Siku aliyowaonyesha kalibu zile ubaoni, Nasma ndiye aliyenyoosha mkono, akamuuliza kwa adabu kama ni kweli kwamba kisichosemwa kwa mtoto hufuatwa cha mzazi, na kama ni kweli, basi mjane huyu mwenye pass taarifa za ng'ombe wake atapewa shemeji. Andongwisye akamjibu kwamba ndiyo, na ndivyo ilivyo kwetu.

Na kweli ndivyo ilivyo kwetu, nani hapa asiyejua, jambo zito halimwendei mwanamke moja kwa moja, linapitia kwa mwanaume wa ukoo, naye atachagua siku ya kulisema na namna ya kulisema, na wanaofanya hivyo huamini wanamhurumia. Andongwisye aliikuta mila hiyo na aliinyonya pamoja na maziwa, wala hakuwa mtu wa kudharau wanawake, alipika, alifua, alibeba watoto mgongoni mbele ya wanafunzi wake. Ila Nasma alikuwa na la kusema. Alieleza kwamba baba yake alipofia safarini Makambako, simu alipigiwa baba yake mdogo Rajabu, aliyeona asubiri mpaka maiti ifike, na mama yake akapata habari ya kufiwa na mume kutoka kwa mteja aliyekuja kuchukua gauni lake, ambaye alidhani mama ameshaambiwa, akampa pole huku ameshika gauni mkononi.

Hapo Andongwisye angeweza kubadili neno, kama si kiburi. Yeye akasema, “Nasma, mila si kosa la programu.”

Vijana wakacheka, kwa kuwa mwalimu alikuwa anatabasamu, na Nasma akafunga kompyuta, akaaga vizuri, akatoka, na hakurudi tena kwenye chumba kile. Alikwenda kusomea Dodoma na anafanya kazi huko, na kwa miaka hiyo yote mtani wangu huyu alimtaja kila mahali, mwanafunzi wangu Nasma hivi, mwanafunzi wangu Nasma vile, lakini namba yake anayo na kumpigia hampigii. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia nimwache atapiga tu, na kwa kuwa alikuwa na maneno mengi kuliko mimi niliyesomea maneno, alinishinda.

Mwezi Aprili 2021, mvua zikiwa zimekolea, bwana mifugo alitoa onyo la ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, kwa upande wa Kyimo, kila mfugaji apeleke ng'ombe wake josho, programu ikafanya kazi yake barabara, simu zikalia, watu wakapeleka ng'ombe. Dada yetu Prisca, ambaye ni mjane tangu mwaka 2016 na anaishi Kyimo, simu yake haikulia. Taarifa yake ilikwenda Tunduma kwa shemeji yake, mfanyabiashara, ambaye aliisoma, akaona ni mambo ya ng'ombe wa Rungwe, akaendelea na mizigo yake, na wajane wengine wa njia ile mambo yao yalikuwa hivyo hivyo. Ng'ombe wa Prisca, ambaye ndiye aliyekuwa anasomesha wanawe, alikufa na ndama tumboni, na wa jirani zake wawili wakafuata.

Prisca hakuja kugombana. Alikuja na kikapu cha ndizi kama kawaida yake, akamkuta kaka yake amekaa hapo barazani, na akamwambia maneno ambayo sisi tuliokuwepo hatujayasahau, “Kaka, majani nakata mimi, kukamua nakamua mimi. Kuugua kwake anaambiwa shemeji wa Tunduma.”

Andongwisye alilia siku ile, mbele yetu, na akamnunulia dada yake mtamba. Kisha akaikalia kompyuta yake na kutengeneza, na hapa ndipo ninapomlaumu mpaka leo na jeneza liko mbele yangu, kwa sababu alichofanya ni kumtafuta mjane mmoja mmoja katika programu na kufuta namba ya shemeji na kuweka namba ya mama mwenyewe, Prisca, na jirani wa Prisca, na mwingine, na mwingine, mpaka akachoka akasema imekwisha. Kalibu hakuigusa. Lile neno lilibaki pale pale, na kila mwanamke aliyefiwa baada ya hapo alitoka na kona ile ile iliyopinda, na mtu aliyewasimulia watoto wa watu habari ya panga na tofali miaka yote ile alikuwa ameshika panga. Nilikuja kumuuliza baadaye sana, akasema kwamba kuifungua kalibu ile kungekuwa ni kukiri kwamba Nasma aliliona siku ya kwanza, na hakuwa tayari.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 16 Desemba 2006 na mke wake Esnath, binti wa Mpuguso, katika kanisa la Moravian hapa Ikuti, na siku ya harusi bwana harusi alichelewa kwa sababu alikuwa anamfundisha dereva kukokotoa mafuta. Mungu aliwajalia watoto watatu, Baraka aliyezaliwa mwaka 2007, Atupele aliyezaliwa mwaka 2011 na Jacob aliyezaliwa mwaka 2016. Walikuwa watu wa kucheka pamoja, Esnath na mumewe, na nyumba yao ukipita njiani ungesikia kicheko kabla hujaona taa. Esnath ndiye mwenye ng'ombe katika nyumba ile, Andongwisye alijua kuandika ng'ombe lakini kukamua kulimshinda.

Kuugua kwake kulianza mwaka 2022, miguu kuvimba na kuchoka, akasema ni kusimama darasani. Mwezi Septemba 2023 alikwenda Mbeya kupima, na alipoulizwa ndugu wa karibu wa kupigiwa simu akaandika jina la kaka Amoni, wala hakuwaza, mkono ulikwenda wenyewe, Amoni ni mkubwa, ni mwanaume, anaishi Mbeya. Majibu yalipotoka simu yake yeye ilikuwa haipatikani, hospitali ikampigia Amoni, kama ilivyoelekezwa, kwamba figo za ndugu yako zina hali mbaya, arudi haraka pamoja na mtu anayeishi naye, apangiwe matibabu na chakula. Amoni akapanda gari siku hiyo hiyo, wakakaa wawili migombani, na wakakubaliana kwamba mama Baraka asiambiwe kwanza mpaka Baraka amalize mtihani wa kidato cha nne. Baraka akamaliza, wakasema Krismasi ipite. Krismasi ikapita, wakasema mama Tupokigwe anaumwa mgongo, mambo yasirundikane.

Kaka Amoni amenishika mkono asubuhi hii akaniambia nisome kila kitu, na ninasoma, lakini nataka watu wajue kwamba hakulala usingizi miezi ile, na kwamba alinyamaza kwa upendo. Wakati huo Esnath alikuwa anapika chakula chenye chumvi kama siku zote, alikuwa anamchemshia mumewe dawa za miti alizoambiwa na majirani zinaondoa uvimbe, na Andongwisye alizinywa zote akishukuru, kwa sababu angekataa angeulizwa sababu. Kliniki alikwenda mara moja moja tu, pale alipopata uongo wa semina, na uongo wa semina kwa mwalimu hauwezi kutosha mwaka mzima.

Tarehe 21 Mei 2024 alianguka darasani akiwa na chaki mkononi, wenzake wakamkimbiza Mbeya, Esnath akafuata, na kule wodini muuguzi mmoja, mama mwema tu, akamwuliza kama ile chumvi waliyomkataza mgonjwa tangu mwaka jana aliiacha kweli. Esnath akampita. Aliingia akakaa pembeni ya kitanda, akamwambia mumewe, “Baba Baraka, chumvi naweka mimi, chakula napika mimi. Kwa nini aliambiwa Amoni?”

Esnath anasema mumewe alitamka jina moja tu, Prisca, na kugeukia ukutani.

Tangu hapo alianza kusafishwa damu kila wiki, Esnath akawa anakwenda naye, na alipopata nguvu kidogo jambo la kwanza alilofanya ni kuomba kubadilisha jina la ndugu wa karibu kwenye kumbukumbu za hospitali, akaandika Esnath. La pili alimpigia simu Nasma. Nasma mwenyewe yuko hapa, amekaa na mama yake pale kwenye turubai, na ameniambia kwamba mwalimu hakumsalimu, hakusema habari za miaka, alisema, “Nasma, lile pass bado lipo,” na yeye akamjibu kwamba anajua, na kwamba anakuja. Alichukua likizo mwezi Agosti, akaja akakaa nasi hapa Ikuti, Andongwisye amelala kwenye mkeka barazani kwa sababu ya miguu, Nasma kwenye kigoda na kompyuta mapajani, mmoja anasema na mwingine anaandika, na pale walipobishana mwalimu alishindwa kila mara, na kila aliposhindwa alifurahi kama mtoto.

Nilimwomba Nasma anieleze walichofanya ili niwasomee kwa usahihi. Kwenye kalibu ya mzazi walifuta kabisa lile jibu la nani aambiwe, kwa hiyo mzazi sasa hana la kumpa mtoto katika jambo hilo, na mtoto asiposema mwenyewe, programu inagoma na kumwuliza karani, katika kaya hii aambiwe nani, naye lazima ajibu. Kaya ya wanandoa inasema waambiwe wote wawili. Kaya ya mjane, palipokuwa na lile neno moja, ina mstari unaosema aambiwe yeye mwenyewe, kwa jina lake. Nasma alimsogezea kompyuta ili mstari ule auandike kwa mkono wake, na ulimchukua muda, vidole vilikuwa vimevimba, sote tulikaa tukamsubiri.

Tulitamani kwamba aliyetengeneza kalibu ile apone, lakini mwili hauna kalibu ya kurudi kuichonga. Prisca alijitolea kumpa kaka yake figo, akaanza kupimwa, na madaktari wakasema hali ya moyo wa mgonjwa haimruhusu tena kupasuliwa. Daktari wake, ambaye hakumlaumu mtu, alipobanwa na Esnath aseme ukweli, alisema tu kwamba ile miezi ya mwanzo ilikuwa na maana kubwa. Tunaijutia miezi ile. Tunaijutia sote, maana hakuna nyumba hapa ambayo haijawahi kumficha mwanamke jambo lake mwenyewe na kuita huko ni kumtunza, na kama mtu yupo ambaye hajawahi, ndaga, aje atufundishe.

Mwalimu Andongwisye Jacob Mwaipaja alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri, huko Mbeya, akiwa na umri wa miaka 45, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake, na ni Esnath aliyempigia simu kaka Amoni kumwambia. Ameacha mjane, watoto watatu, mama, ndugu wanne, na wanafunzi tusioweza kuwahesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu wote, na yule mama muuguzi aliyemwuliza Esnath habari ya chumvi tunamwomba asijilaumu, maana alitusaidia kuliko anavyojua. Tunawashukuru mkuu wa shule na walimu wenzake walioshika vipindi vyake bila kulipwa neno lolote zaidi ya ahsante, mchungaji na kwaya, majirani mliokata majani na kukamua ng'ombe wa Esnath wiki hizi zote alipokuwa hospitali, mama Mwanajuma aliyeshona sare za watoto hawa mlizoziona leo na kukataa kulipwa, na viongozi wa ushirika kwa jeneza na usafiri. Tuliyemsahau atusamehe, kufiwa kunasahaulisha.

Kabla sijaketi, kuna jambo la leo asubuhi ambalo halimo kwenye karatasi yangu. Karani wa ushirika alifanya kazi yake jana kama taratibu zinavyomtaka, akaandika kwenye programu kwamba mume wa kaya hii amefariki, akaihamisha kaya kutoka kwenye kalibu ya wanandoa kwenda ya mjane, wala hakujua kwamba anafanya jambo lolote kubwa. Asubuhi hii, tumekaa wanawake kwenye mikeka ndani, simu ikalia chini ya kanga ya Esnath. Nikadhani ni pole nyingine, akaisoma, akanipa niisome na mimi, na ilikuwa imeandikwa hivi, “Esnath, maziwa yako ya asubuhi yamepokelewa kituo cha Ikuti. Ng'ombe wako aende josho siku ya Ijumaa.”

Kaka Amoni alikuwa amesimama mlangoni, akachukua simu yake mfukoni akaiangalia, nayo haikuwa na kitu, akairudisha. Esnath akaifunika yake kwa viganja vyote viwili, akasema, “Ameniandika.”

Mtani wangu, uliichelewesha kalibu lakini uliinyoosha, na wewe mwenyewe ndiye tofali lililopita kabla haijanyooka. Lala, Andongwisye, Mungu wetu Kyala akupokee, pumzika kwa amani, mkeo tutamwambia kila kitu.